Kitenzi Alichokataa Kukisaini

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Kavumu: mkalimani wetu mzee, aliyewafundisha wengi Kiingereza hapa Bukavu, ametutoka. Nimekuwa nikikifikiria kitenzi kimoja tangu hapo.

Kitenzi hicho ni «recant». Ni adimu, kwa hiyo usione haya kama hukijui. Maana yake ni kuyakana hadharani, kwa kinywa chako mwenyewe, maneno uliyoyasema. Aliyesimama akasema «niliyosema si kweli» ndiye aliyefanya hivyo. Aliyenyamaza hajafanya hivyo.

Miaka hiyo tulifanya kazi katika shirika moja la kigeni lililochunguza migogoro ya ardhi, mimi nikipiga chapa, yeye akitafsiri. Wanawake wanne wa Mudaka walikuwa wametoa ushahidi kwamba shamba ni lao. Walipoitwa mara ya pili, hawakusema kitu. Mkuu wetu akaandika kwa Kiingereza kwamba wame-recant, na ripoti ilikuwa inakwenda mahakamani. Kwa neno hilo, shamba lilikuwa limekwisha kupotea.

Mzee alikuwa na desturi: hakusaini tafsiri kabla ya kuwasomea wenyewe maneno yao. Tukapanda hadi Mudaka, akawasomea kwa Kiswahili, uani mwa kanisa, kwamba wamekana.

«Papa, nani alikana?» akauliza mkubwa wao. «Miye nilinyamaza tu. Ule mwenye anataka shamba alikuwa amekaa pale mbele yetu. Kunyamaza njo sawa na kukana?»

«Kama iko vile,» akadakia mwenzake, «bwana yangu alishakana ndoa zamani. Ule hasemi hata bonjour.»

Ofisini, mkuu alimsukumia kalamu. «Papa, saini. Iko verbe moja tu.»

«Kama iko moja tu, itoe.»

Mimi, nakiri, nilimnong'oneza kama mpwa kwa mjomba: «Tonton, achana nayo, utapoteza kazi.» Aliifunika kalamu, akairudisha mezani. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Lakini ripoti haikuweza kuondoka bila saini ya mkalimani, na mkalimani mwingine aliyeletwa alikuwa mwanafunzi wake. Naye alidai kwanza kwenda Mudaka. Hatimaye wakaandika: «walinyamaza».

Jana, msibani, tulikula maharage. Yalitoka katika shamba lile. Wanawake wale waliyabeba wenyewe kichwani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, siku utakapoletewa karatasi na kuharakishwa, uliza kila kitenzi kinasema nani kafanya nini. Uliza tena, hata wakikucheka. Na kama kinasema uongo, funika kalamu.