Mama Masika Amtafuta Mpiga Kinanda

Jumamosi moja ya mwaka 2017, saa za mchana, Mama Masika alishuka kwenye teksi pale kwenye robot, taa za barabarani za mtaa wa Melville, mkoba wake wa kanisani kwapani. Alikuwa mzaliwa wa Butembo, mhamiaji, fundi wa nguo katika mtaa wa Yeoville wa jiji hilohilo na kiongozi wa kwaya ya kanisa. Kwaya hiyo ilikuwa imempoteza mpiga kinanda wake, Gaël, kijana wa Bukavu. Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya "wanaume wa namna ile" huku akimtazama Gaël, na Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Tangu hapo kila mwimbaji aliingia kwenye wimbo kwa wakati wake. Mama Masika aliposikia kwamba Gaël anapiga kinanda katika mkahawa mmoja Melville, aliamua kwenda kumrudisha.

Mkahawa upi, hakuambiwa. Akaifuata barabara kwa miguu. Kwenye mlango wa kwanza aliona bendera ya upinde wa mvua, akamkumbuka Nuhu, akadhani ni kanisa. Alipochungulia, watu walikuwa wanakunywa bia. Mlango wa pili bendera ileile, na wa tatu. Wanawake wawili wenye mvi walipita wameshikana mikono. Akawasalimu kwa heshima kama dada wa tumbo moja, mpaka mmoja alipombusu mwenzake mdomoni. Mwanamume mwenye ndevu na kucha zilizopakwa rangi nyekundu alimwelekeza kwa upole mwingi, lakini Mama Masika, kwa kuzitazama zile kucha, hakusikia kama alisema kushoto au kulia. Alikuwa amejiandaa kuona uovu. Hakujiandaa kuona watu wanakula chakula cha mchana.

"Mungu wangu, nimefika wapi?" akajisemea.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema nyuma yake. "Umepotea?"

Salamu hiyo kwao Butembo haikuzoeleka, akachelewa kuitikia. Aliyemsalimu alikuwa kijana aliyevaa aproni ya mhudumu.

"Marahaba. Namtafuta Gaël, anapiga kinanda."

Kijana alimtazama kidogo. "Namfahamu. Twende."

Jina lake Fahad, mtu wa Tanga. Alimpokea mkoba, akatembea upande wa magari ili mama awe upande salama. Mama Masika akamfikiria binti yake Denise. Kijana ni Mwislamu, lakini hilo lingezungumzika.

"Umeoa, mwanangu?"

"Nina mtu, mama."

Akasikitika kimoyomoyo.

Mkahawani Gaël alikuwa anapiga, na Mama Masika akautambua wimbo: ule wa meza ya Bwana, mwendo wake umepunguzwa, huku watu wakitafuna nyama. Hakujua kama ile ni dharau au ibada. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kufuata mapigo.

Gaël alipomwona aliacha katikati.

"Mama, umetumwa na mchungaji?"

"Sikutumwa na mtu. Kwaya inaimba vibaya."

Alicheka, kisha akainamisha kichwa. "Nikirudi, Fahad atakaa wapi?"

"Fahad? Huyu aliyenileta?"

Gaël akaelekeza kidevu kwa yule kijana, ambaye alikuwa anamwekea Mama Masika glasi ya maji mezani.

Mama Masika alivuta kiti. Aliitafuta hasira yake, asiione. Alikaa, akanywa maji yote, akauliza swali la kwanza lililomjia.

"Anakula sombe?"

"Kwetu tunaiita kisamvu," Fahad akajibu mwenyewe. "Nakula."

Wiki iliyofuata mazoezi ya kwaya yalihamia sebuleni kwa Mama Masika, Yeoville, kwa kisingizio kwamba ukumbi wa kanisa una baridi. Gaël alikuja, Fahad akiwa amembebea kinanda. Waimbaji walitazamana, wengine wakakohoa, halafu wakaimba. Baadaye mchungaji aliuliza mbona kwaya imenyooka hivyo, na Mama Masika akajibu kwamba wanajitahidi.

Hakumwambia zaidi. Alipopiga magoti hakujua aombe msamaha au ashukuru, na mara nyingi aliinuka kabla hajaamua.