Saa Moja Kati ya Kinshasa na Goma

Harufu ya mafuta ya ndege, ikichanganyika na ya kabichi za Kibumba zilizoachwa juani, ndiyo ilikuwa harufu ya uwanja wa Goma nilipokuwa na miaka minane. Tisa labda, kwetu Kibati hakuna aliyeandika. Kiangazi kile Mama alikuwa Kinshasa na mdogo wangu Furaha, aliyepelekwa kupasuliwa tumbo, na nyumbani hatukujua kama tutarudishiwa wawili au mmoja. Hatimaye Papa akapata habari kwa foni, ile redio ya kuongea iliyokuwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini: upasuaji umekwisha, ndege itatoka Kinshasa Jumanne saa nne asubuhi, na itakaa angani masaa mawili na nusu. Papa akahesabu. Koko, mama yake Mama, akahesabu kwa vidole. Nami nikahesabu, maana nilikuwa nimefika darasa la pili na nilijiona sana. Wote tukapata saa sita na nusu.

Tulishuka kwa miguu tangu alfajiri. Koko alivaa viatu vya kuazima, sikumbuki vya nani, vikambana tangu Munigi, lakini hakutaka binti yake amkute peku kama mtu asiye na watu. Saa sita na nusu ikafika, na juu ya ziwa hapakuwa na kitu. Ndege zilizoea kuja upande huo, kwa kuwa upande wa pili kuna mlima wa moto. Saa saba, Papa akaacha kutazama saa yake. Koko akavua viatu, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kwenye changarawe akilia, kama tunavyoketi tukifiwa. Papa asingeweza kumshika mkono, ni mama mkwe wake, akaniambia polepole, "Simamisha koko yako." Sikuweza, nilikuwa nimeshaanza kulia. Na niseme ukweli, nilimlilia Mama. Furaha nilimkumbuka baadaye.

Mpakizi mmoja mwenye gunia la kabichi begani akasimama.

"Mama, mumefiwa?"

"Ndege ya mutoto wangu imeanguka," Koko akasema.

"Nani amesema?"

"Saa. Ilikuwa ifike saa sita na nusu."

Yule mtu akacheka mpaka akatua gunia. "Ile saa ni ya Kinshasa, mama. Kule wako nyuma yetu saa moja."

"Inchi moja, saa mbili? Enda udanganye wengine."

Lakini Koko hakusimama, wala hakulia tena. Saa saba na nusu ndege ikatokea ziwani. Mama akashuka, Furaha mgongoni, macho wazi. Koko akamfuata peku, akampiga kofi la bega. "Unachelewa vile, unataka kuniua?"

"Nimechelewa wapi, mama? Huyu ndiyo ataniua. Tangu kule juu analilia bugali."

Sasa Furaha ana wajukuu, na anaishi huko huko Kinshasa. Mwezi uliopita alikuja kunitazama. Uwanja wetu umefungwa kwa ajili ya vita, kwa hiyo alipitia nchi za watu: akaruka, akalala, akaruka tena, akamalizia kwa gari, mpaka akavuka mpaka kwa miguu akivuta sanduku. Siku tatu. Simu ninayo mkononi, na saa ya Kinshasa naijua vizuri, lakini safari hii sikujua nianze kuogopa saa ngapi.