Kamera Zilizonyweshwa Bia

Mwaka ule, kabla mvua za Novemba hazijafika mji wetu wa Cochabamba, Rómulo Zenteno alikuwa na kazi moja tu: kupata mabati. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza, na pabaya zaidi palikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe wake, doña Eduviges. Msimu uliopita bibi huyo alilala na beseni miguuni. Mkewe Rómulo, Benedicta, akasema neno lake: "Mama akinyeshewa tena, nahama naye kwa dada yangu, mjini Quillacollo. Wewe ubaki na beseni."

Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja, nauza supu ya karanga pale mlangoni, kwa hiyo haya hayakunipita.

Sasa, kuna watu bahati ikiwaangukia kichwani hudhani wameishusha wao. Mjomba wake Rómulo, aliyepiga picha za harusi na komunyo kwa miaka arobaini, alikufa akamwachia sanduku: kamera tano, lenzi, stendi ya miguu mitatu. Rómulo ni karani wa kugonga mihuri. Maishani mwake hajapiga picha isiyokata watu vichwa. Lakini alipotazama video mbili kwenye simu, akavaa kizibao cha marehemu chenye mifuko kumi na moja, akawa profesa.

Akatangaza mtandaoni: "Kamera za kihistoria. Zimewapiga picha marais na maaskofu. Hazina mfano duniani. Wapiga soga wasinisumbue." Picha alizipigia kitandani, vidole vyake vya miguu vikionekana.

"Don Rómulo," nikamwambia, "hii ya katikati si umeilaza kichwa chini?"

"Comadre," ndivyo anavyoniita mimi jirani yake, "shika mwiko wako. Huo ndio mkao wa kitaalamu."

Aliyeuliza kwa makini alikuwa mmoja tu, Ninoska Arce, fundi wa kamera za zamani kutoka La Paz. Alitaka kujua kama lenzi zina kuvu ndani. Rómulo akasoma, akavimba.

"Kuvu! Mwandikie kwamba nyumba hii inafagiliwa mara mbili kwa siku!"

"Anauliza lenzi, wewe, hajauliza sakafu," Benedicta akasema.

Yule dada alikuwa na subira. Akajibu kwamba atapanda basi aje Jumamosi, na kamera zikiwa safi kama zinavyoonekana, atazichukua zote. Bei aliyoitaja ilitosha mabati ya nyumba nzima. Alasiri ileile Benedicta akamwita fundi, paa likapimwa, wakapatana kazi ianze Jumatatu.

Ingebaki hapo, ndugu zangu, ningekuwa sina la kusimulia. Lakini kabla ya Jumamosi ikaja Ijumaa, tena Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo kwetu kila mwenye biashara hufukiza makaa na kumwagia bia Mama Ardhi ili mauzo yaende vizuri. Hata mimi hufanya. Tone mlangoni, tone chini ya sufuria. Chini, nimesema. Si ndani.

Rómulo akapanga kamera mezani uani, akazivisha karatasi za rangi, akazifungua vifuniko ili baraka ipate pa kuingilia. Kisha akaitikisa chupa.

"Wewe! Mwagia chini!" Benedicta akapiga kelele.

"Basi la kaka yangu lilimwagiwa chupa tatu kwenye injini, na linakwenda Oruro mpaka leo!"

Akamwaga. Povu likaingia kwenye lenzi, likatokea nyuma. Doña Eduviges akanyanyua shingo kitini. "Mkwe, unazibariki au unazitia supu?"

Jumamosi Ninoska akafika, akanawa mikono, akainua ile kamera kubwa ya Kijerumani. Akainusa. Akavuta kishikio cha kusogeza filamu, kikang'ang'ania kama mlango wa kabati lenye asali. Akaitazama lenzi kwenye jua: mistari ya kahawia imeshuka ndani.

"Nani alikuwa amelewa," akauliza taratibu, "mwenye kamera, au kamera?"

"Hiyo ni rangi yake ya kale," Rómulo akasema.

"Inanuka ya jana, bwana."

Hata hivyo dada yule akajitolea kuzichukua kwa nusu ya nusu ya bei, azifungue, ajaribu kuziokoa. Hapo mtu mwenye akili angembusu mkono. Rómulo akatunisha kifua, mifuko yote kumi na moja ikasimama. "Siuzi historia kwa bei ya chupa tupu! Wewe huzijui kamera."

Ninoska akageuka aondoke, akasimama kwenye kamba ya nguo. Upande mmoja ilikuwa imefungwa kwenye stendi ya mjomba, miguu mitatu ya mbao, imara. "Na hii je?"

"Hiyo ni yangu," Benedicta akasema kabla mumewe hajafungua kinywa, akaanua soksi.

Stendi ikaleta mabati manne. Yakatosha juu ya kitanda cha doña Eduviges, na Benedicta akahamishia kitanda chake hapohapo, pakavu, kando ya mama yake. Quillacollo hakwenda. Ila beseni alilipeleka chumba cha pili, kwa mumewe.

Mvua zimeshaanza. Nikisogea ukutani nasikia matone yakigonga beseni, tii, tii, na Rómulo akijibizana na simu yake. Tangazo bado lipo. Ameongeza neno moja tu: "Zimebarikiwa."