Kikohozi cha Bodil

Bodil na kamasi walikuwa paka na panya. Hapa kwetu kisiwani Mors hakuna mzazi asiyelijua hilo. Ukimpelekea mtoto asubuhi, humkabidhi mpaka nyote wawili mpite kwenye sinki la ukumbini, mnawe kwa sabuni, na yeye kasimama anawatazama. Kila mtoto na taulo lake, kikombe chake, kijiko chake. Kamasi ilifutwa kwa karatasi, na karatasi ikatupwa pipa la nje, si la jikoni. Madirisha yalifunguliwa hata theluji ikiingia, na mchana watoto walilazwa bustanini kwenye vigari vyao, mashavu mekundu, wanakoroma kama wazee. Mwenye homa hakuvuka kizingiti. Ukijitia kusema ni meno tu yanaota, alikukazia macho mpaka ukageuza baiskeli mwenyewe.

Alikuwa mlezi wa manispaa, analea nyumbani kwake watoto wanne kwa wakati mmoja, na baadhi ya wanaomletea watoto leo walikula uji mezani pake wakiwa wadogo. Sasa, mlezi akiugua, manispaa huwagawa watoto wake kwa walezi wengine. Ndivyo ilivyo, na si aibu. Ila Bodil alijivunia kwamba wake hawajawahi kugawiwa. Wa wenzake aliwapokea, wake hakuwatoa, na kila walezi walipokutana alilisema hilo, tena mbele ya Annelise wa mtaa wa bandarini, ambaye huugua kama binadamu wengine na ambaye mbwa wake, kwa maneno ya Bodil, ndiye mlezi msaidizi.

Mwezi wa pili kikohozi kikamkamata. Kilianza kwenye koo, kikashuka kifuani, na asubuhi ya Jumatatu alipoinuka kitandani, chumba kilimzunguka. Egon, mumewe, alimwambia apige simu manispaa. Akajibiwa kwamba ni vumbi la majivu ya jiko. Egon akasema jiko hilo wamekuwa nalo tangu waoane na halijawahi kumtia mtu homa. Bodil akamwambia akavae viatu aende kazini.

Basi akalea. Peremende ya koo ikawa haimtoki shavuni. Kikohozi kikimpanda, alikimbilia jikoni, akafunga mlango, akakohoa ndani ya taulo la vyombo, akarudi anatabasamu. Mikono alinawa, hilo nalisema kwa haki. Lakini kulikuwa na Alva, mdogo kuliko wote, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye uji ukiwa wa moto hulia. Bodil alimpakata, akaupulizia kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko akakigusisha mdomoni mwake aone kama kimepoa. Mwanamke ambaye asingemruhusu mzazi kulamba chuchu ya bandia ya mwanawe mwenyewe! Kweli nyani haoni kundule.

Wiki haikuisha, Alva akawa hali, hanyonyi, na mbavu zinaonekana kila anapovuta pumzi. Wazazi wake wakamkimbiza hospitali kuu, akatiwa vijimrija vya oksijeni puani. Jumamosi mama yake, Katrine, akapiga simu kutoka wodini, analia mpaka maneno hayatoki. Daktari kawaambia ni virusi vya mafua ya kawaida tu, mtu mzima anaviona kama kikohozi cha kupita, ila kwa kifua kidogo kama kile vinaziba njia. Bodil alimbembeleza muda mrefu, na alimbembeleza kwa dhati, kwa sababu Alva alikuwa roho yake. Kisha Katrine akauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza.

"Nani alikuwa mgonjwa hapo kwako, Bodil?"

Bodil aliisogeza peremende kwa ulimi. "Unaijua kazi yetu, Katrine. Siruhusiwi kutaja mtoto wa mtu."

Mtoto wa mtu! Nani kamuuliza habari za mtoto? Kukohoa si kosa, hata kiburi cha kutougua mimi naweza kukicheka, lakini neno lile sijalicheka mpaka leo. Maana Katrine alikata simu akiwa na jibu. Alikumbuka kwamba Jumatatu ile alipishana getini na Viggo, mwenzake Alva hapo kwa Bodil, ambaye ana miaka miwili na kamasi za mwaka mzima, anafutia mkono wa koti. Viggo huyo huyo ambaye Bodil alishamrudisha nyumbani mbele za watu.

Mama yake Viggo ni Malene. Anafanya kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe, zamu ya alfajiri, peke yake na mwanawe. Habari ilimfikia dukani, kwa namna habari zinavyofika kwetu: hakuna aliyemwambia kitu. Waliokuwa wakisimama naye kwenye friji ya maziwa sasa walikuwa na haraka. Mwenzake wa siku nyingi alimuuliza kwa upole kama ni kweli huwa anampeleka mtoto akiwa mgonjwa. Bodil aliyasikia yote. Alijua neno moja lake lingeyazima. Kila asubuhi aliamka akiwa na nia ya kulisema, kila jioni akajipa sababu: Alva bado yuko hospitali, asubiri apone kwanza. Alva akapona, akarudi kwao. Bodil akajiambia, sasa si amepona, ya nini kuyachimbua?

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Ellinor, mmoja wa wale wanne. Kwetu siku hiyo bendera hupandishwa mlingotini, wazazi hualikwa, na mezani huwekwa keki yenye umbo la mtu, ambayo watoto huikata shingo huku wanapiga mayowe. Mama yake Ellinor akamvuta Bodil pembeni. Katrine angekuja na Alva, mara ya kwanza tangu augue. Je, isingekuwa busara Viggo abaki nyumbani, siku hiyo tu? Na Bodil akamwambie mama yake, kwa kuwa yeye anajua kusema na watu.

Bodil akakubali. Ndiyo, alikubali.

Jioni Malene alipokuja kumchukua mwanawe, akaambiwa palepale ukumbini. Bodil alitegemea ugomvi, na moyoni aliutamani. Malene hakugomba. Alisema anaelewa, angekuwa yeye angeomba hivyo hivyo. Akachuchumaa, akataka kumvisha Viggo glavu, na Viggo akaficha mikono mgongoni. Siku zote Bodil alidhani ni baridi tu; sasa akaiona vizuri. Ilikuwa imebabuka, myekundu juu ya vifundo, na katikati ya vidole imepasuka.

"Namnawisha kila wakati," Malene alisema bila kuinua uso. "Usiku nampaka mafuta lakini haisaidii. Hata kumbusu nimeacha, naogopa na mimi nitaupeleka ugonjwa kazini. Niambie ukweli, Bodil, wewe unayajua haya. Nilikosea wapi?"

Bodil alikaa kwenye kibenchi cha kuvulia viatu, kile cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Hukukosea popote," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa na homa tangu Jumatatu ile. Nilimlisha Alva kwa mdomo wangu. Nikanyamaza."

Malene alimvisha Viggo glavu, kidole kwa kidole. "Nilikusikia ukikohoa siku ile," akasema. "Nikajiambia, hapana, Bodil akiumwa atasema. Nikaona bora nisiyaamini masikio yangu." Akasimama. "Kesho nakuja na mwanangu. Utawaambia wewe, wote wakiwepo. Mimi sisemi neno."

Kesho yake bendera ilipepea, watu wakajaa sebuleni, na Malene alipoingia na Viggo mazungumzo yakapungua. Mama yake Ellinor alimtazama Bodil kama anayesema, si tulikubaliana? Katrine alikuwa kwenye kochi na Alva mapajani, kakonda, macho yamekuwa makubwa.

Bodil alisema akiwa amesimama kando ya keki. Hakujipamba. Alisema aliumwa, alificha, alimlisha Alva kijiko alichokitia mdomoni, na kwamba Viggo hakuhusika hata kidogo. Alisema anataka kumwomba Malene radhi mbele yao, akamwomba. Mtu mmoja akaanza kusema jamani, kila mtu huumwa, Bodil ni mlezi bora. Sauti ikaishia njiani, kwa kuwa hakuna aliyeipokea.

Katrine alikuwa anafikiri. "Siku ile nilipokupigia kutoka wodini," akasema taratibu, "nililia, ukanibembeleza. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Katrine hakupandisha sauti. Aliinuka, akaanza kutafuta kofia ya mtoto. Na Alva, ambaye hajui la mtu, alipomwona Bodil karibu alicheka, akamnyooshea mikono apakatwe kama kila siku. Mikono ya Bodil ikanyooka yenyewe kumpokea. Katrine akamhamishia mtoto bega la pili, akampa Bodil mgongo, akaendelea kutafuta kofia.