Damu Mbili

Kila siku, kabla ya kuwasha mchezo wake wa video, fundi wa redio wa Lushebere hupangusa maneti, kidude cha kuchezea chenye vitufe, kwa pindo la shati, kisha humchagua shujaa yuleyule, mtoto wa mama binadamu na baba mnyonya damu. Mama yake fundi hulima maharagwe kilimani. Baba yake huchunga ng'ombe. Leo vijana walimchokoza:

"Kaka, kesho walimaji wanacheza mupira na wachungaji. Utachezea wapi, ao tukukate katikati?"

Walicheka. Vidole vyembamba vya fundi viliendelea kubonyeza. Shujaa aliruka shimo, upanga juu. Mahoro, aliyekuwa akingoja redio yake, akajikaza kuuliza:

"Kaka, unachaguaka huyu juu ya nini?"

"Iko na damu mbili, dada," akajibu, wote wakisikia, "na hana haya na hata moja."