Dirisha Lililofungwa

Mdogo wangu alianza kutokwa damu puani baridi ya Mlima Meru ilipoanza kushuka mjini. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Sokon One, mimi na yeye, na kazi yetu mitumba. Enzi zile za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, nani hakuwa mfanyabiashara? Belo tulilifungulia humohumo chumbani, tukakung'uta nguo moja moja.

Mara ya kwanza nilimrudisha kichwa nyuma, nikammwagia maji utosini kama tulivyofanyiwa utotoni. Akaimeza ile damu, kisha akaitapika yote kwenye beseni. Miaka ile ukikonda kidogo tu, majirani walishakuzika kwa ule ugonjwa usiotajwa, na huyu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nkoaranga. Tuliogopa hospitali kuliko damu yenyewe. Nikafunga dirisha, nikaziba nyufa kwa matambara ili jirani asione kitu. Jiko la mkaa nikaliingiza ndani. Damu ikazidi, na mimi usingizi sina.

Siku ya wakwe kuja nikamchagulia blauzi nyekundu kwenye belo. Tone likidondoka, nani atajua? Nilijiona mjanja kweli.

Mama wa kijana akaingia na mshenga. Mdogo wangu akapiga goti, akasema shikamoo, na damu ikadondokea mkono ambao mama yule alikuwa amemnyooshea.

Nikaruka kumrudisha kichwa nyuma.

"Mwache," mama akasema. Mkono wake hakuufuta. Akamwinamisha mbele, akambana pua pale penye nyama laini. "Pumua kwa mdomo, mwanangu."

Akambana hivyohivyo kwa muda mrefu, huku macho yake yakizunguka chumbani: jiko, belo, vumbi, matambara dirishani. Nilijua posa imekwisha.

"Hapa mmefunga tangu lini?"

"Tangu damu ianze, mama."

"Mkaa ndani, vumbi ndani, hewa kavu namna hii. Pua gani itavumilia? Mmefunga kwa nini?"

Mshenga akainamisha uso, maana jibu kila mtu alilijua.

Damu ilipokata, mama akamwachia pua taratibu.

"Na sisi tulifunga," akasema. "Kwa binti yangu mkubwa. Kwake halikuwa vumbi, na hospitali tulimpeleka tumeshachelewa. Kesho huyu tutampeleka pamoja, mimi na wewe. Sasa fungua dirisha."