Vibofu vya Ng'ombe

Mvua ya milimani kwetu haina adabu. Wakati huo wa Mwingereza nilikuwa mwalimu katika shule iliyokuwa ukingoni mwa msitu, nikiishi na baba, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kinanda kanisani. Dada yangu alikuwa anaolewa Suji, ng'ambo ya mabonde mawili, na aliniomba jambo moja tu: aingie kanisani kwa kinanda. Watu wa bwana harusi walikuwa wamesema wazi kwamba sisi tunajua kuchunga kondoo, mengine tunabahatisha.

Baba hakuweza kwenda. Mguu wake ulikuwa umevimba, hata mlangoni alifika kwa kushika ukuta. Asubuhi ya harusi alinisimamisha na baiskeli yangu, akanipa vibofu viwili vya ng'ombe, vimekaushwa na kupakwa ndani mafuta ya mkia wa kondoo. Akasema nivivae mikononi, nivifunge kwa kamba ya mgomba. Uvundo wake ulinipanda hadi machoni. Mafuta yale ndiyo aliyojipaka maisha yake yote, na nyumba nzima ilikuwa na harufu hiyo. Nilivitia mkobani kwa ncha za vidole, nikavaa glavu zangu za sufu nilizonunua kwenye duka la Mhindi kule Same.

"Sufu hunywa maji," baba alisema.

Na kweli ilikunywa. Kabla ya bonde la kwanza glavu zilikuwa zimelowa chepechepe, rangi yake ya buluu ikinichuruzika hadi viwikoni. Kwenye mteremko nikataka kukamata breki, vidole vikakataa. Niliishia kwenye migomba, mdomo umejaa tope. Nikajaribu kufunga kifungo cha koti, nikashindwa. Asiyeweza kufunga kifungo atapigaje kinanda?

Basi nikavivaa. Nasema kweli, nilitapika kwanza. Mafuta yaliyoganda yalijipenyeza chini ya kucha kama ute wa konokono, na kila nilipobana breki yalinitambaa hadi kwenye kifundo cha mkono. Lakini hata tone la mvua halikupita, na nilipofika bonde la pili vidole vilianza kuwasha, kisha vikapata moto. Nilichukia kwamba vilifaa.

Nilifika kengele inalia, nikavivua vibofu. Wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni kusalimiana kwa mkono. Mimi nikaficha yangu nyuma, nikawapa shikamoo za mbali, wakaniona mjivuni. Nilijifuta kwa majani, kwa leso, kwa suruali, harufu ikazidi. Kinanda nacho kikaanza kunuka zizi. Mama wa bwana harusi, kwenye benchi la mbele, akajifunika pua kwa khanga. Vidole viliteleza hapa na pale, lakini vilikuwa hai, na dada yangu aliingia kwa kinanda hadi ubeti wa mwisho.

Baada ya ibada nilikimbilia ndoo ya maji nyuma ya kanisa. Dada alinifuata na gauni lake jeupe, akanikamata mikono kabla sijaitumbukiza. Nikamwambia aniache, ninanuka, nitamchafua. Akaipeleka usoni mwake, akavuta pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe baba amekuja," alisema.

Ndoo ilikuwa pale pale. Sikunawa hadi jioni, na kichefuchefu hakikuniacha hata dakika moja.